Stack Overflow, Quora au Reddit: wapi mgeni huruhusiwa kutia neno?

Mpwa wangu alikuja baada ya Isha, laptopu kwapani, uso kama wa mtu aliyefungiwa lango la feri Likoni akiwa hatua tatu nyuma. Yuko mwaka wa pili chuoni, anasomea kompyuta, na likizo hii amepata kazi ya kumtengenezea tovuti mama mmoja wa Kongowea auzaye achari na mabuyu, ili wateja wake walipe kwa M-Pesa bila kupigiana simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umepatwa na nini?"

"Hebu niambie, hawa watu wana akili kweli? Kuuliza swali naruhusiwa. Kujibu swali la mtu naruhusiwa. Lakini kumuuliza huyu aliyejibu alikusudia nini, neno moja tu, naambiwa alama zangu hazijatosha."

Nikamwambia akae kwanza, muuza kahawa yuaja. Maana alilosema si la kipuuzi. Kwa akili ya kawaida, kujibu ndiko kuzito na kutia maoni ndiko kwepesi. Iweje mgeni apewe kizito anyimwe chepesi?

Mwenyewe alikuwa ameshakosea kabla ya kuja kwangu. Kwenye Stack Overflow, mtandao wa maswali na majibu ya waandishi wa programu, alikuta mtu mwenye shida kama yake na jibu fupi chini yake: hakikisha anwani yako inafikika kutoka nje. Akataka kuuliza inafikikaje. Kisanduku cha maoni kimefungwa, cha jibu ki wazi, basi akaingilia palipo wazi: "Hata mimi nina shida hiyo hiyo, tafadhali nieleze." Kufika asubuhi jibu lake lilikuwa limekula kura za kupinga na limefutwa. Alichokiandika hakikuwa jibu, na waliokifuta hawakumwonea. Lakini kijana wa miaka ishirini akifutiwa neno lake la kwanza huona mji mzima umemcheka.

Nitailinganisha mitandao mitatu ambayo ukiandika swali Google ndiyo hutangulia mbele: Stack Overflow, Quora na Reddit. Sitazami ni upi bora kwa jumla. Natazama jambo moja: mtu aliyejiandikisha leo anaruhusiwa kusema nini, wapi, na kwa sababu gani.

Kuuliza na kudakia

Hapa Mji wa Kale mgeni akija barazani akasema, "Jamani, nyumba ya fundi saa ni ipi?" atajibiwa na watu watatu kwa mpigo, na mmoja atainuka amsindikize hadi mlangoni. Akija na habari ya mjini, atapishwa akae. Lakini mgeni huyo huyo akidakia katikati ya wazee wawili wanaobishana juu ya mchezo wa bao, atatazamwa. Huenda neno lake ni la kweli kabisa. Kosa ni kuwa hajulikani, na aliyedakia hawezi kurudishwa nyuma, neno lishatoka.

Stack Overflow wamejenga nyumba yao juu ya tofauti hiyo hiyo, ingawa sidhani Jeff Atwood na Joel Spolsky walipoianzisha mwaka 2008 walikuwa na baraza la Kibokoni akilini. Swali na jibu ni vitu vinavyoweza kusimamiwa. Jibu baya hupigiwa kura za kupinga likashuka chini, huhaririwa na wengine, na historia ya mabadiliko yake hubaki. Maoni hayana hayo. Hayawezi kupigiwa kura ya kupinga hata moja. Ama yaungwe mkono, ama yaripotiwe. Mwandishi ana dakika 5 za kuyarekebisha, zikipita yameganda. Marefu yake mwisho herufi 600. Na wenyewe huyahesabu kuwa karatasi za kubandika kwa muda, msimamizi akiyafuta hakuna wa kumlaumu.

Kwa hiyo kitu chepesi kuandika ndicho kigumu kusafisha. Mtu wa kutangaza dawa za nguvu za kiume au mikopo ya dakika mbili angefurahi sana kupewa kisanduku kisichopigiwa kura ya kupinga chini ya kila swali maarufu. Lango liliwekwa pale palipo na uchafu mwingi. Mpwa wangu aliposikia hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, lakini mimi siuzi dawa." Ndiyo. Hilo ndilo tatizo la kila lango.

Stack Overflow: lango lina namba

Ukijiandikisha wapewa alama 1. Kwa alama hiyo moja waweza kuuliza na kujibu. Ukifikisha 15 waweza kupiga kura ya kuunga mkono, na 50, kiwango kilichosimama miaka mingi, ndicho kinachokufungulia kutia maoni popote. Kura ya kupinga inataka 125. Kuhariri maandishi ya wenzio bila kusubiri kukaguliwa ni 2,000, na kupiga kura ya kufunga swali ni 3,000. Kabla hujaanza kuhesabu zako, fungua ukurasa wao wa haki za watumiaji, kwani viwango hivi vina wenyewe na huweza kubadilishwa.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema bila sababu, kwa kuwa hawajui kuwa mlango wa maoni haujafungwa wote. Chini ya swali lako mwenyewe unaweza kutia maoni ukiwa na alama 1. Chini ya majibu yote yaliyokuja kwenye swali lako, vilevile. Lililozuiwa ni kuingia kwenye mazungumzo ya wengine. Maana yake, mwenye la kuuliza juu ya jibu la miaka minne iliyopita asihangaike kuligonga lile. Aandike swali lake mwenyewe, akitaja kiungo cha lile la zamani na akieleza kwake limeshindikana wapi. Hapo papo hapo amekuwa mwenye nyumba, na yeyote ajaye kujibu atazungumza naye.

Kupanda hadi 50 nako si mlima. Kila kura ya kuungwa mkono, kwa swali au kwa jibu, ni alama 10. (Zamani swali lilikuwa linalipwa 5, walilisawazisha na jibu Novemba 2019.) Jibu lako likikubaliwa na muulizaji unaongezewa 15. Wewe ukikubali jibu la mwingine kwenye swali lako unapata 2. Ukipendekeza marekebisho ya maandishi ya mtu yakapitishwa, unapata 2 nyingine. Piga hesabu: majibu mawili yaliyokubaliwa, kila moja likapata kura moja, ni 25 na 25, na ile 1 ya kuzaliwa nayo, 51. Basi. Majibu mawili ya maana.

Tena ukishafika 200 katika tovuti yoyote ya Stack Exchange, yaani ukoo ambao Stack Overflow ni mmoja wao, wanakupa 100 za bure katika zile nyingine zote: Super User ya watumiaji wa kompyuta, Server Fault ya wasimamizi wa seva, Ask Ubuntu, za hisabati, za lugha, hata ya upishi. Ni kama kuwa na mtu wa kukudhamini. Mtaa mmoja ukikujua, mitaa mingine hawakuulizi umetoka wapi.

Mpwa wangu, kijana wa leo, akanipa njia ya mkato. "Mjomba, tuko watano kwenye hosteli. Nikiwaambia wanipigie kura, usiku mmoja nishafika."

Nikamwambia afanye aone. Mitambo yao hutafuta kura zinazotoka kwa watu wale wale kwenda kwa mtu yule yule, na hurudisha kura hizo nyuma, alama zikapotea jinsi zilivyokuja. Ukifungua akaunti ya pili ujipigie mwenyewe, msimamizi akigundua unaweza kusimamishwa. Na wanafunzi watano kwenye waifai moja hawahitaji mpelelezi kujulikana.

Njia yake ya pili ilikuwa kuchukua maswali ya watu, kuyatia kwenye roboti ya kuzungumza, na kubandika majibu. Hiyo nayo ina mlango wake uliofungwa: tangu Desemba 2022, siku chache tu baada ya ChatGPT kutoka, Stack Overflow walipiga marufuku majibu yaliyotungwa namna hiyo. Sababu waliyotoa ni kuwa majibu yale huonekana sahihi sana kwa macho, na mengi si sahihi. Nami naongeza ya kwangu: ukibandika jibu usilolielewa, mtu akaja kukuuliza ufafanuzi, utamwambia nini?

Jambo jingine ambalo hakuna aliyemwambia: usianze na salamu. Mswahili hawezi kumwomba jirani hata kibiriti bila kumuuliza habari za nyumbani, ila pale "Habari zenu wapendwa" na "Natanguliza shukrani" hufutwa na wahariri kama makombo mezani. Si ubaya. Wanataka ukurasa ubaki na swali na jibu tu, kwa faida ya atakayekuja miaka sita baadaye. Lakini inauma mara ya kwanza, nakubali.

Na Kiswahili hakipiti. Stack Overflow kuu ni ya Kiingereza, ina ndugu wa Kireno, Kihispania, Kirusi na Kijapani. Swali la Kiswahili litafungwa hata liwe zuri vipi.

Quora: lango wazi, mwenye jibu ndiye mwenye ufunguo

Quora ilianzishwa mwaka 2009 na Adam D'Angelo na Charlie Cheever, waliotoka Facebook, ikafunguliwa kwa umma mwaka uliofuata. Hapa hakuna hesabu ya alama za kukufungulia kisanduku. Umejiandikisha, umeingia, tia maoni. Unaweza kumjibu daktari, mwanahistoria au mtu aliyeandika uongo mtupu, siku ile ile.

Kilichopo ni kuwa aliyeandika jibu ana mamlaka juu ya uwanja wake. Anaweza kuzima maoni chini ya jibu lake au kukuzuia wewe. Kwa hiyo pale Stack Overflow unapozuiwa na namba isiyokujua, Quora unazuiwa na mtu aliyekusoma na hakukupenda. Kipi ni bora? Mimi, kwa tabia yangu ya kubisha, naona namba ina heshima zaidi. Haina kinyongo.

Kwa muda mrefu Quora walitaka jina lako halisi, ndiyo ikawa lango lao la kimyakimya: hujapimwa kwa alama, umewekwa hadharani. Mwaka 2021 walilegeza, sasa waweza kutumia jina la kubuni. Msisitizo uliobaki ni adabu: usimshambulie mtu.

Kwa swali la kiufundi kama la mpwa wangu sikumshauri aende huko. Si kwamba hatajibiwa. Atajibiwa na watu wanaopenda kueleza, kwa aya saba zinazoanza na historia ya malipo kwa simu. Mwaka 2018 Quora walianza kuwalipa baadhi ya watu kwa kuuliza maswali, na ukilipwa kwa kuuliza utauliza chochote. Alama ya enzi ile bado yaonekana ukitafuta. Pia wanapenda uingie kwa akaunti kabla hujasoma sana, jambo la kuudhi kwa mtu anayetumia simu ya kuazima.

Lakini kama una swali lisilo na jibu moja, kama vile nisomee nini baada ya diploma, au kuhamia Doha kikazi kukoje kwa mwenye familia, Quora ina watu waliopitia hayo, na mgeni anaweza kumdodosa mmoja wao hapo hapo bila kungoja.

Reddit: kila nyumba na mlinzi wake

Reddit ndiyo kongwe kati ya hizi tatu, ni ya mwaka 2005, kazi ya Steve Huffman na Alexis Ohanian. Kusema "Reddit inaruhusu" au "Reddit inakataza" ni kama kusema "Mombasa watu hulala saa ngapi". Nyali au Majengo? Kila jumuiya ndani yake ina wasimamizi wake wa kujitolea na kanuni zake.

Kura za juu na za chini unazo tangu siku ya kwanza, kinyume kabisa na Stack Overflow. Kutia maoni nako kwa jumla ni wazi. Ila jumuiya nyingi hutumia mtambo uitwao AutoModerator, ambao husoma umri wa akaunti yako na karma yako, yaani hesabu ya kura ulizopata, kisha huamua neno lako lipite au liondolewe. Na mara nyingi kiwango hakitangazwi. Wakikitangaza, wauza matangazo watakifikia kisha waanze kazi.

Matokeo yake kwa mgeni ni mabaya kuliko yale ya namba 50. Unaandika maoni, unayaona kwenye skrini yako, unangoja, hakuna anayejibu. Unadhani wamekudharau. Kumbe hayaonekani kwa yeyote isipokuwa wewe na wasimamizi. Namna ya kujua ni kufungua ukurasa huo huo kwenye dirisha la siri la kivinjari, bila kuingia kwa akaunti yako, utazame kama neno lako lipo. Halipo? Waandikie wasimamizi kwa upole, wengi hulifungulia.

Na kuna zile jumuiya ambazo mlango ni wazi lakini sebule ina masharti. AskHistorians, jumuiya ya maswali ya historia, ndio mfano ninaoupenda. Hawajali umejiandikisha lini. Wanajali jibu lako lina kina na unaweza kulitetea kwa vitabu ulivyosoma. La sivyo linaondolewa, uwe mgeni au mkongwe. Nimewahi kufungua swali lenye maoni mengi nikakuta karibu yote yameondolewa, limebaki jibu moja refu kama khutba ya Ijumaa. Lilikuwa zuri.

Swali moja, nyumba tatu

Turudi kwa mama wa achari. Tatizo lilikuwa hivi. Mteja akibonyeza lipa, kidirisha cha kuomba PIN kinatokea kwenye simu yake, anaweka, shilingi moja ya majaribio inakatwa. Lakini tovuti haijui kama amelipa. Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, hutuma matokeo kwenye anwani uliyowapa, na anwani hiyo lazima ifikike kutoka kwenye intaneti. Mpwa wangu alikuwa anatumia programu inayoipa laptopu anwani ya muda, na anwani ilibadilika kila alipoiwasha upya. Kwenye msimbo wake ilikuwa imebaki ile ya juzi. Majibu yalikuwa yakitumwa, yakigonga nyumba iliyohamwa.

Hilo tuliligundua baadaye. Usiku ule tulikuwa hatujui, tukaketi kuliandika swali kwa namna tatu.

Kwa Stack Overflow tulikata kila kitu kisichohusika. Kichwa kinachosema tatizo lenyewe. Mistari kumi na mbili ya msimbo, si faili zima, na funguo za siri zimefutwa. Nilitarajia nini, nimepata nini, nimejaribu nini. Ilituchukua karibu saa nzima, na mimi nikawa najiuliza kama si adhabu. Kesho yake asubuhi alikuta maoni, si jibu, kutoka kwa mtu mwenye alama elfu kadhaa: "Anwani hii bado iko hai?" Maneno matano. Mpwa wangu akaijaribu kwenye kivinjari, haikufunguka. Na kwa kuwa swali ni lake, akaweza kumjibu pale pale kwa maoni, na yule bwana akaligeuza kuwa jibu kamili.

Swali hilo hilo kwenye Reddit, katika jumuiya ya wanaojifunza kuandika programu, lingeulizwa kwanza umejaribu nini, na pengine mtu angekuvumilia hatua kwa hatua, jambo ambalo Stack Overflow hawalipendi. Kwenye jumuiya ya Kenya ungepata mmoja aliyefanya kazi hiyo wiki iliyopita, wanne wa utani juu ya makato, na mmoja wa "nitafute kwa ujumbe wa siri" ambaye ni wa kutazamwa kwa jicho la pembeni, hasa akitaka funguo zako za Daraja. Akaunti ya siku moja kama ya mpwa wangu ingeweza kunaswa na mlinzi kabla ya hayo yote.

Quora angeelezwa Daraja ni nini. Anajua.

Na kwa Kiswahili?

Mtu ataniuliza mbona sijaitaja JamiiForums. Ipo tangu mwaka 2006, wengi wetu huku Pwani tunaisoma ingawa ni ya Tanzania, na faida yake ni kubwa: unaandika Kiswahili chako bila kujitafsiri. Ila imejengwa kwa mijadala. Uzi unaendelea ukurasa kwa ukurasa, na jibu zuri likiwa ukurasa wa tisa, lazima ulivukie kurasa nane za vijembe. Kwa ushauri wa ardhi, ndoa au siasa, hapo ni nyumbani. Kwa hitilafu ya msimbo, utachoka.

Wazee wenzangu wa enzi za saiba wataikumbuka Yahoo! Answers iliyofungwa Mei 2021. Pale ulianza na alama 100, kila swali likakula 5, kila jibu likakupa 2, na jibu bora 10. Yaani kuuliza kulikuwa na ada na kujibu kulilipa, hata ukijibu "sijui". Watu wakajibu "sijui" kwa maelfu. Nalitaja hilo kwa sababu mpwa wangu alikuwa akiamini kanuni ya Stack Overflow ni ya kikatili kwa kuwa hakuwahi kuona nyumba ambayo haikuwa nayo.

Wikipedia nao wana njia yao: ile ya Kiingereza hupima muda na kazi kwa pamoja, siku 4 na mahariri 10, kabla ya kukuruhusu kugusa kurasa zilizolindwa kidogo. Namna hiyo ningependa kuiona kwenye maoni ya Stack Overflow, kwa maana inampa nafasi mtu mnyonge ambaye ni msikilizaji mzuri na hana la kujibu bado.

Basi uende wapi?

Kama shida yako ina jibu la kupimwa, linafanya kazi au halifanyi, nenda Stack Overflow au ndugu yake anayehusika, na usiguse kabisa maswali ya watu wiki ya kwanza. Uliza lako. Pendekeza marekebisho mawili matatu ya maana, mabano yaliyosahauliwa au kiungo kilichokufa, upate alama bila kumsumbua mtu. Ukiweza kuvumilia ukali wao, ndipo penye majibu yanayodumu.

Kama ndio kwanza unajifunza na swali lako bado halina umbo, Reddit ni bora kuliko zote, kwa sharti kwamba ufungue akaunti mapema, leo hii, hata kama huna la kusema. Umri wa akaunti haununuliki. Soma kanuni za jumuiya zilizoandikwa pembeni, kisha anza na maoni ya kawaida katika jumuiya ndogo.

Quora kwa maisha, kazi, safari, na kwa yule anayetaka kumhoji mtu moja kwa moja tangu dakika ya kwanza.

Kuhusu bando, Stack Overflow ni maandishi mengi na picha chache, na unaisoma bila akaunti. Nyingine mbili zina picha, video na programu zao za simu zinazokusihi uzipakue. Kwa mwanafunzi anayenunua bando la siku, hiyo si hoja ndogo.

Mama wa Kongowea sasa analipwa, na ametuletea kopo la achari ya maembe yenye pilipili ya kutosha kumtoa jogoo machozi. Mpwa wangu bado hajafika 50. Alianza na 1. Swali lake likapata kura mbili, 20. Akakubali jibu la yule bwana, 2. Marekebisho matatu yakapitishwa, 6. Juzi akamjibu mtu aliyekuwa na tatizo la anwani kama lile lile lake, akapata kura moja, 10. Jumla 39. Anakaa akifungua ukurasa kila nusu saa, kwa sababu amegundua kuwa kura moja nyingine itampeleka 49.